Shule isiyobagua: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa walimu na wazazi wa Arusha na Moshi

Waulize walimu wa shule yoyote ya Arusha kama kwao kuna ubaguzi. Wengi watakujibu kwamba sisi ni Watanzania, hayo mambo hatuna. Sasa nenda ukakae karibu na bomba la maji wakati wa mapumziko, usikilize. "We yero, toka kwenye foleni." "Cheusi mangala." "Ponjoro huyo." "Mang'ati." Hayo ni majina ya kejeli: kwa Mmasai, kwa mtoto mweusi sana, kwa mwenye asili ya Kihindi na kwa Mbarabaig. Mtoto anayeitwa hivyo hatakuja ofisini kukwambia kwamba anabaguliwa, maana ameshaambiwa mara nyingi kuwa ni utani na asiwe na hasira za karibu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya shule za kawaida, iwe ya serikali kule Ngaramtoni au Pasua yenye watoto waliobanana kwenye madawati, au ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza yenye basi la njano. Hatua zinafuata mwaka wa shule, kuanzia Januari. Msimamo wangu ni huu: kazi inaanza kwa watu wazima. Mtoto anajua nani ana thamani kwa kuangalia mwalimu anamtuma nani kuchota maji, anamsimamisha nani mbele mgeni akija, na anacheka nani akitaniwa.

Kabla ya kuanza: sheria inasemaje

Hili ni fupi, lakini liwe mfukoni, kwa sababu lazima atatokea mtu wa kusema mnaleta mambo ya Ulaya. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa utaifa, kabila, mahali alipotokea, rangi, dini, jinsia au hali yake ya maisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inataja pia lugha, ulemavu, kutoka kijijini au mjini, na hata kuwa mkimbizi. Chapeni vifungu hivyo viwili kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, mkaibandike ofisi ya walimu.

Hatua ya kwanza: wiki mbili za kusikiliza

Msianze na semina wala mabango. Undeni timu ndogo: mwalimu wa malezi, mwalimu mwingine mmoja, mjumbe wa kamati ya shule (kwa sekondari, wa bodi), viranja wawili, na mtu mmoja ambaye shule nyingi humsahau, yaani mpishi au mlinzi. Mlinzi wa getini anasikia yanayosemwa asubuhi kabla ya kengele, na mpishi anajua nani hula peke yake.

Kwa wiki mbili timu iandike inachokiona bila kuandika majina ya watoto. Majina ya utani yanayosikika. Nani wanakaa viti vya nyuma. Nani wanapewa kazi za mikono na nani wanapewa kushika funguo. Nani huadhibiwa kwa kosa ambalo wengine hupewa onyo tu.

Kisha wapeni wanafunzi wa darasa la tatu kuendelea karatasi isiyo na jina yenye maswali mawili: Shuleni kwetu watoto gani huchekwa, na kwa sababu gani? Ni mahali gani hapa shuleni hupendi kuwepo? Wadogo zaidi wachore. Swali la pili hutoa majibu ambayo hukuyategemea: nyuma ya choo, kiti cha mwisho cha basi, mstari wa uji, darasa la mwalimu fulani.

Sanduku la maoni lisiwekwe chini ya dirisha la mwalimu mkuu. Hakuna mtoto atakayetumbukiza kitu humo huku akionekana.

Hatua ya pili: kikao cha walimu, na suala la utani

Hapa ndipo pagumu kuliko kwingine kote, kwa hiyo tengeni saa mbili nzima, mchana, chai ikiwepo.

Someni kwanza yaliyokusanywa. Kuna mwalimu atakayesema, "Hata mimi nilitaniwa, nikakua, sasa ni mwalimu." Msimbeze. Mwulizeni tu nani alimtania, na yeye alijibu nini. Mara nyingi atasimulia utani wa kweli, wa pande mbili, na hapo mtakuwa mmefika kwenye kiini cha suala.

Utani wa jadi ni mali yetu na sina nia ya kuufuta. Mpare akimwambia Mchaga kwamba akifa watu watarusha sarafu ili kuhakikisha kama kweli amekufa, Mchaga atamjibu kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Wote wawili wanacheka, na msibani watani ndio hao hao wanaopunguza uchungu wa wafiwa. Utani huo una kanuni zake: watu wako sawa, kila mmoja ana zamu yake, na kila mmoja anajua mpaka uko wapi.

Sasa chukua mtoto wa Kimasai kutoka Longido, peke yake katika darasa la watoto wa mjini, masikio yametogwa, Kiswahili bado kinamkwama. Darasa zima linamwita yero. Zamu yake iko wapi? Au binti wa Kirombo anayeambiwa kila siku kuwa Warombo ni walevi, na mwalimu wa zamu naye anacheka. Pimeni kwa maswali mawili: Anayetaniwa anaweza kujibu kwa nguvu ile ile? Akisema acheni, wanaacha? Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo, hiyo ni kejeli, haijalishi imevaa nguo gani.

Na mwalimu hana utani na mwanafunzi. Hata kama mwalimu ni Mpare na mtoto ni Mchaga. Mwanafunzi hawezi kukujibu kwa usawa, una kalamu ya alama na una fimbo. Hili mkubaliane na liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Yapo mengine mawili ya kumaliza siku hiyo hiyo. La kwanza ni majina. Mikoa hii ina majina ya Kiiraqw kama Qwaray na Tluway, ya Kimasai kama Naserian, ya Kihindi, ya Kisomali. Kuna walimu ambao jina likiwashinda wanamwandikia mtoto jipya, au wanalisoma kwa namna ya kuchekesha darasa. Mwalimu wa darasa atumie siku za kwanza za Januari kumwuliza kila mtoto jina lake linavyotamkwa, aandike kwa penseli kando ya rejista. Dakika kumi zinatosha.

La pili ni sifa za rangi. Msikilize nani anaambiwa "wewe mzuri, mweupe kama mzungu", nani anachaguliwa kumvika mgeni shada la maua, na nani anakuwa malaika kwenye igizo la Krismasi. Mabinti weusi wanahesabu. Wanajua wamerukwa mara ngapi. Dawa yake ni rahisi: nafasi za aina hiyo zipigiwe kura ya bahati au ziende kwa zamu, darasa kwa darasa. Na penseli ile ya waridi kwenye boksi la rangi isiitwe tena "rangi ya mwili".

Hatua ya tatu: pitieni kanuni zenu

Chukueni kanuni za shule, zilizoandikwa na zile ambazo hazijaandikwa lakini kila mtu anazijua.

Nywele kwanza. Shule nyingi zinataka wasichana wanyoe, lakini mwenye asili ya Kihindi au chotara anaachwa afunge mkia wake, kwa madai kwamba nywele zake "ni nzuri" au "hazisumbui". Hapo shule yenyewe imeweka madaraja ya rangi. Kamati ichague: wote wanyoe au wote waruhusiwe kusuka mistari myepesi. Mimi nachagua la pili, ila lolote litakalochaguliwa liwe la wote. Anayefunga kilemba au kujitanda hijabu kwa imani yake, kama kijana wa Kisingasinga au binti wa Kiislamu, hilo ni jambo la dini na lina utaratibu wake. Nywele za mtu mwingine haziguswi bila ruhusa, na hili lisemwe pia kwa ajili ya mtoto wa Kizungu ambaye kila mtu anataka kumpapasa kichwa.

Lugha inafuata. Katika baadhi ya shule za Kiingereza mtoto akikutwa anaongea Kiswahili huvishwa kibao shingoni, na anazunguka nacho mpaka amkamate mwingine. Kibao hicho kichomwe moto. Mtaka Kiingereza azungumze nao Kiingereza kizuri, watakifuata. Shule za Kiswahili nazo zisijione salama, kwa sababu mtoto anayekuja anajua Kimaa tupu, lugha ya Wamasai, huchekwa vile vile. Mpe mwenza anayejua lugha zote mbili kwa muhula wa kwanza, na usimsomeshe kwa sauti mbele ya darasa kabla hajazoea.

Kuna jambo dogo hapa nalipenda. Mtoto wa Kimasai aliyelelewa vizuri humsalimia mkubwa kwa kuinamisha kichwa, akisubiri aguswe utosini. Siku ya kwanza shuleni atamfanyia hivyo mwalimu, na darasa litacheka. Mwalimu akiweka mkono juu ya kichwa hicho, taratibu, akaitikia, darasa litanyamaza. Ndani ya wiki utawaona na wengine wanainamisha vichwa.

Chakula: kama kuna siku ya nyama, pawe na maharage kwa watoto wa Kihindu wasiokula nyama, na kuchinja kufuate utaratibu ambao Waislamu wanaukubali.

Mtoto mwenye ualbino anahitaji kanuni zake maalumu. Kofia pana na mikono mirefu aruhusiwe hata mstarini. Akae mbele, lakini mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Mahitaji ya maandishi makubwa kwenye mtihani wa taifa yapelekwe mapema wakati wa usajili, wala msisubiri wiki ya mtihani. Mafuta ya kukinga jua ya Kilisun asili yake ni hospitali ya KCMC hapo Moshi, kwa hiyo shule za Kilimanjaro hazina sababu ya kusema hayajulikani. Neno zeruzeru lisisikike kinywani mwa mtu mzima yeyote. Wapo watakaosema ualbino ni ulemavu na hauingii kwenye mjadala wa rangi. Mtoto anayekimbiwa kwa sababu ya ngozi yake hatauliza mmempanga kwenye jedwali gani.

Hatua ya nne: tukio likitokea, fanyeni hivi

Tuseme mwanafunzi wa darasa la tano amemwambia mwenzake, "Rudi porini ukachunge."

Likatize hapo hapo kwa sentensi moja, sauti ya kawaida: "Hapa hatumwambii mtu hivyo." Usihutubie. Somo liendelee.

Mapumziko yakifika, zungumza kwanza na aliyeumizwa, akiwa peke yake. Mwulize kama hii ni mara ya kwanza, na anataka nini kifanyike. Shule nyingi huruka hapa, wanakimbilia kwa mkosaji, na aliyeumizwa anabaki kama shahidi wa kesi yake mwenyewe.

Halafu mwite aliyesema. Mazungumzo huenda hivi:

"Umemwambia nini mwenzio?"

"Nilikuwa natania, mwalimu."

"Sijakuuliza kama ulikuwa unatania. Umesema nini? Rudia."

Hapo wengi hushindwa. Neno lililotoka kirahisi mbele ya marafiki linagoma kutoka mbele ya mwalimu, na ukimya huo uutumie. Mwulize alilitoa wapi. Ukisikia "baba husema hivyo", umeshajua kwamba hatua ya wazazi inamhusu.

Fimbo isitumike. Kwa sheria yenyewe kiboko kina masharti yake na hakiko mikononi mwa kila mwalimu, lakini sababu yangu ni nyingine: fimbo inamfundisha kwamba kosa lake lilikuwa kusikika. Vile vile msimlazimishe kuomba radhi mstarini mbele ya shule nzima. Inamdhalilisha yeye na kumwanika mwenzake. Atafute namna ya kurekebisha ambayo aliyeumizwa ameikubali, hata kama ni kuwaambia wale wale waliocheka kwamba alikosea.

Andikeni kwenye daftari la matukio: tarehe, neno lililosemwa, mahali, hatua iliyochukuliwa. Mara ya pili, mzazi aitwe. Kukiwa na kipigo au vitisho, au msemaji akiwa mtu mzima, suala lipelekwe kwenye dawati la ulinzi na usalama wa mtoto la shule, na likizidi, kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba ya simu kwa mtoto ni 116, haina malipo. Ibandikwe bwenini pia, mahali ambapo matroni hasimami.

Hatua ya tano: darasani, fundisheni historia ya hapa hapa

Mwalimu wa Arusha au Moshi hahitaji kwenda mbali kutafuta mifano.

Enzi za Waingereza shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika, kila moja na fungu lake. Shule ya Arusha, ambayo leo ni ya serikali na ina watoto wa kila namna, ilianzishwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Mgawanyo huo ulifutwa baada ya Uhuru, kuanzia mwaka 1962. Wapelekeni watoto waangalie majengo, warudi nyumbani wawaulize bibi na babu walisoma wapi.

Kwa Moshi, somo lenye nguvu liko Old Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa hapo, na viongozi wenzake. Mafuvu mengi ya watu wa huku yalisafirishwa hadi Berlin, yakapimwa na watu walioamini kwamba umbo la kichwa linaonyesha daraja la mtu. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha baadhi ya waliochukuliwa na ndugu zao walio hai hapa Tanzania. Hadi tangazo hilo, fuvu la Meli mwenyewe lilikuwa halijapatikana.

Waulizeni wanafunzi: wale waliopima walikuwa wanatafuta nini? Wakishajibu, ongezeni swali la pili: tunaposema Wachaga wana akili ya hela, Wamasai ni wa kulinda mageti, Wairaqw ni wagumu, sisi tunapima nini? Acheni wabishane. Kipindi kikiisha bado wanabishana, kimefanikiwa.

Arusha ina jambo lake. Kuanzia miaka ya 1990 hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa mjini hapa, ndani ya jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa. Desemba 2003 ilitoa hukumu dhidi ya watu wa redio na gazeti waliochochea mauaji ya kimbari ya 1994, ambamo Watutsi waliitwa mende. Kwa kidato cha pili kwenda juu hilo linatosha kueleza kwa nini shule inahangaika na majina ya utani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha. Andikeni barua kuomba ziara ya klabu.

Siku za kutumia: 21 Machi, siku ya kimataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi, 13 Juni, siku ya uelewa wa ualbino, na 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Ngonjera moja nzuri inatosha kwa siku.

Hatua ya sita: wageni na wanaokuja kujitolea

Shule za mikoa mingine zinaweza kuiruka hatua hii. Sisi hatuwezi. Kati ya mlima na mbuga, kila msimu wanakuja vijana wa Ulaya na Marekani kukaa wiki chache shuleni. Wengi wana moyo mwema. Tatizo ni kile watoto wanachokiona: kipindi cha hisabati kinasimama, wote wanatolewa nje kuimba, mgeni wa miaka kumi na tisa anapewa chaki na mwalimu mwenye cheti na uzoefu anakaa nyuma kumshikia begi. Halafu zinagawiwa pipi kwenye mstari huku simu zinapiga picha. Somo la nani mkubwa na nani mdogo limefundishwa hapo bila mtu kutamka neno.

Kwa hiyo wekeni masharti, na mwenye kuleta wageni atie saini. Asiye na sifa ya ualimu hafundishi. Anaweza kusaidia, mwalimu akiwa ndiye anayeongoza. Wote walete hati ya polisi ya nchi yao na asiwepo wa kubaki peke yake na mtoto. Picha ni kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa. Zawadi zinapita ofisini na zinagawiwa na mwalimu siku nyingine, mgeni akiwa ameshaondoka. Ziara iwe baada ya vipindi. Na mgeni atambulishwe kwa watoto kama mwanafunzi au fundi au muuguzi, chochote alicho, badala ya "mzungu wetu".

Kuna wakuu wa shule wanaoogopa kwamba wafadhili watakimbia. Baadhi watakimbia kweli. Waliobaki ndio waliokuja kwa ajili ya shule.

Hatua ya saba: wazazi

Kikao cha wazazi cha Machi kiwe na ajenda hii juu, kabla ya michango, maana baada ya michango watu wanaondoka. Msiwahubirie. Wasomeeni majibu ya wanafunzi ya Januari, bila majina. Mzazi akisikia "wanamcheka fulani kwa sababu ni mweusi sana" kwa maneno ya mtoto wa darasa la nne, hana la kubisha.

Ubaguzi unatoka nyumba zote, na hili lisemwe waziwazi. Familia za Kihindi zilizopo Moshi na Arusha tangu enzi za Wajerumani zimechoka kuulizwa kwao ni wapi. Na kuna nyumba katika familia hizo hizo ambamo mtoto haruhusiwi kula kwa rafiki yake Mwafrika. Mzee wa Kichaga anayekataza mwanawe kucheza na watoto wa mfugaji ana la kujibu vile vile. Kundi la WhatsApp la darasa liwe na msimamizi aliye tayari kufuta kichekesho cha kabila bila kuomba ruhusa.

Hatua ya nane: Novemba, rudieni karatasi

Kabla ya kufunga mwaka, wapeni wanafunzi yale yale maswali mawili ya Januari na mlinganishe. Daftari la matukio likiwa limejaa msiogope: mwaka wa kwanza matukio huongezeka kwa sababu watoto wamejua kwamba ukisema unasikilizwa. Likiwa tupu, ndipo muulize kulikoni.

La mwisho ni la kiofisi, na ndilo linaloua mipango mingi. Mwalimu mkuu huhamishwa. Mwalimu wa malezi naye huhamishwa, wakati mwingine ndani ya muhula mmoja, na kila kitu kinaondoka naye kwenye begi. Wekeni jalada moja lenye kanuni zilizorekebishwa, mihtasari ya vikao, masharti ya wageni na daftari la matukio, liorodheshwe kwenye hati ya makabidhiano pamoja na funguo za stoo na vitabu, na nakala abaki nayo mwenyekiti wa kamati ya shule.